Dakika Mbili Nilizokataa Kuzama

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kitengela, Kaunti ya Kajiado
Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025, saa tatu asubuhi

Jina: Kathini Mulinge
Umri: Miaka 41
Kazi: Msimamizi wa mjengo
Makao: Noonkopir, Kitengela

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu baada ya kupigiwa simu kwamba Bwana Kimani, mwenye boza, yaani lori la kubeba maji, lililozama Jumamosi, ameripoti kuwa nilimwacha dereva wake chini ya maji huku mimi nikipumzika. Ni kweli nilipumzika. Naomba iandikwe hivyo hivyo, halafu niendelee.

Mnamo tarehe 8 Novemba 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye kwari ya zamani, shimo lililochimbwa mawe, nje kidogo ya Noonkopir. Mvua za wiki hiyo zilikuwa zimeijaza. Nilimfuata huko dereva wa boza, Omolo Opiyo, ili nimwongoze hadi saiti yangu, kwa sababu safari iliyotangulia alimwaga maji yangu kwa mjengo wa mtu mwingine na akarudi akitabasamu. Kimani alikuwepo. Alikuwepo pia Katoo, mchungaji wa ng'ombe ambaye hulinda pampu ya kujazia maboza pale, na watu wengine kama kumi waliokuja kuosha pikipiki.

Saa nne na dakika ishirini boza lilikuwa limejaa. Opiyo aliwasha injini. Kabla hajasonga, ukingo ulimeguka chini ya magurudumu ya nyuma na gari likaingia majini kinyumenyume. Tulimwona Opiyo akipigana na mlango, kisha kioo cha mbele nacho kikazama. Nilipouliza nani anajua kuogelea, kila mtu alimtazama mwenzake.

Mimi najua. Huu ni mwaka wangu wa sita wa kupiga mbizi kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa. Watu hunicheka, Mkamba na bahari wapi na wapi, lakini tuko saba, tunafanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli hapa Kitengela, na kila Desemba tunashuka Kilifi. Nyumbani nalala kwa kochi, jirani yangu Sheryl anashika simu na kunipimia muda, naongeza sekunde chache tu kila wiki. Nikiwa nimetulia nabana pumzi dakika nne. Afande aliniuliza kwa nini basi sikukaa chini dakika nne. Kochi halina baridi, halina matope, na hakuna mtu anayekufa pale.

Nilitoa miwani yangu ya kuogelea na kamba ya nailoni kwenye pikapu. Nilijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine nikampa Katoo.

"Mama, mimi maji siyajui," aliniambia.

"Lakini kuhesabu unajua. Hesabu kwa sauti, polepole, kama ng'ombe wakiingia boma. Ukifika sitini sijatoka, vuta bila kuuliza mtu. Nikivuta mara mbili, vuta pia."

Kisha nilisimama majini hadi kifuani, nikapumua taratibu kama nusu dakika ili moyo ushuke. Kimani alipiga kelele, "We mama, unapumua nini na mtu anakufa?" Niliendelea kupumua. Moyo ukienda mbio unamaliza pumzi kabla hujafika popote.

Nilizama. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa, kwa hivyo nilienda kwa kupapasa. Gari lilikuwa limeegemea ukuta wa mawe, pua juu, kama mita tatu kutoka usoni pa maji. Mlango wa dereva ulikuwa umebanwa na mwamba. Nilizunguka upande wa pili, kioo kilikuwa wazi nusu. Niliingiza mkono, na mkono mwingine ukaushika. Ulikuwa na nguvu. Niliufuata kwa kupapasa hadi juu: karibu na kioo cha mbele kulikuwa na hewa imebaki, na Opiyo alikuwa ameweka uso wake humo. Nilijaribu mlango ukakataa. Kifua kilianza kuruka, ile dalili ya mwili kudai hewa, nikajinasua nikapanda. Katoo alikuwa amefika hamsini na mbili.

Nilisema, "Yuko hai. Iko hewa." Watu walishangilia.

Kimani akasema, "Rudi basi!"

Nikasema, "Bado dakika mbili."

Hapa ndipo lawama ilipoanzia, kwa hivyo nieleze vizuri. Ukitoka chini ni lazima upumzike angalau mara mbili ya muda uliokaa, na mimi nilikuwa nimefanya kazi huko chini. Ukirudi haraka, au ukihema haraka haraka ukidhani unajaza hewa, unazimika bila onyo, kama taa. Najua kwa sababu mwaka 2021 nilienda bwawani peke yangu, nikaona nimeiva, nikazinduka kwenye vigae Sheryl akinipiga makofi na kulia. Alikuwa amepitia tu kunirudishia ufunguo. Mpaka leo naona aibu kuisimulia. Tangu siku hiyo sizami bila mtu anayejua niko chini.

Dakika mbili hizo zilikuwa ndefu kuliko kitu chochote nimewahi kufanya. Mkono wa Opiyo nilikuwa bado nausikia kwenye mkono wangu. Nilitaka kurudi. Watu walinitukana, mmoja akasema mimi ni roho mbaya, na nililia huku nikipumua taratibu. Kimani alivua viatu akaanza kuhema kama mbwa aliyekimbia. Nilimwambia Katoo, "Huyo asiingie." Katoo alimshika mshipi kwa mkono mmoja, kamba ikiwa kwenye mkono wa pili, na Kimani ni mtu mzito.

Nilizama tena saa nne na dakika ishirini na nane. Safari hii nilipitisha mkono ndani ya kioo nikafungua mlango kwa ndani, nikaweka mguu kwenye mwamba, nikauvuta. Maji yalikuwa yamepanda ndani, hayakuusukuma tena kutoka nje, na mlango ukakubali. Niliinua uso kwenye ile hewa. Sikuivuta, ilikuwa imechoka na ilikuwa yake. Nilitumia pumzi yangu kidogo kusema, "Vuta pumzi moja. Shika kiuno changu. Tukipanda, puliza polepole kama unapoza chai."

Alishika. Hakunipiga teke hata moja. Nilivuta kamba mara mbili, na kamba ilivutwa kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Tulipotoka nje nikaona ni kwa sababu Kimani alikuwa ameishika pamoja na Katoo, wote wawili wamekaa matopeni, na Katoo alikuwa bado anahesabu. Alikuwa amefika arobaini na tatu.

Opiyo alikohoa, akatapika maji, akanitazama. Alisema, "Madam, saiti leo hupati maji." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Watu walipiga vigelegele, wale walionitukana wakiwa mbele. Katoo alimfunika Opiyo kwa shuka yake, na saa tano kasoro tano tulimpeleka hospitali kwa pikapu yangu.

Nimefanya kazi na wanaume wengi kwa saiti na nimeambiwa mengi. Hili la kuzembea silikubali. Nilienda chini mara mbili na nikarudi mara mbili, na mara ya pili tulirudi wawili. Ikitokea kesho nitapumzika dakika mbili zile zile.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya. Nimesomewa, nimeona ni sawa, na naweka sahihi.

Sahihi: K. Mulinge

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Seleyian, na kumalizika saa nne na nusu asubuhi. Shahidi akiweka sahihi, Omolo Opiyo aliingia kituoni kwa miguu yake. Nilimuuliza kama ana lalamiko lolote kuhusu muda ambao shahidi alichukua. Alijibu kwamba yeye ndiye aliyengojeshwa, na yeye hana lalamiko.