Jina Alilolipaza Mama

Saint Louis,
Februari

Kaka yangu mpenzi Cortez,

Pokea salamu zangu tele. Natumaini wewe na wifi Yolanda mu wazima huko Memphis. Sisi hatujambo, ila goti la Mama linalalamika kuliko Mama mwenyewe, na kila Pasaka bado anakuwekea sahani yako.

Ile sherehe ya jiji ya kuwaenzi Weusi waliosoma shule zake za umma wakatoka wakawa watu, imefanyika Jumamosi. Mdogo wako, injinia wa madaraja, aliketishwa jukwaani kati ya jaji na mpiga tarumbeta. Jaji hata hakunijulia hali, akaniuliza swali letu lile lile la hapa, kwamba nilisoma sekondari gani. Nilipomtajia akanipa pole, akadai shule yao ilikuwa ikitufunga mpira wa kikapu kila mwaka. Nikamjibu kwamba kama kumbukumbu yake ndiyo hiyo, nawahurumia washtakiwa wake.

Mkuu wa shule mmoja, aliyepewa kazi ya kuyasoma majina yetu, akatuomba kwa adabu zote tusishangilie hadi jina la mwisho lisomwe. Unawajua watu wetu. Jina la kwanza tu, ukoo wa jaji ukalipuka, na bibi mmoja akapunga kofia yake ya kanisani akiuliza huyo mkuu kalelewa na nani. Mkuu mwenyewe akacheka, akaikunja karatasi yake.

Sasa nikuungamie. Uliponipigia simu kwamba umefaulu mtihani wa watu wazima na cheti cha sekondari unacho, uliniapisha nisimwambie Mama, eti cheti cha mtu mwenye mvi si habari, ni aibu. Nikanyamaza. Lakini asubuhi ile, nikimfunga vifungo vya gauni, Mama aliniuliza kama huji nyumbani kwa sababu ya maneno aliyokutolea siku ulipoacha shule. Uso wake ulinishinda, kaka. Nikamwambia yote. Akalia, akaomba leso, kisha akasema twende, tutachelewa.

Basi jina langu liliposomwa, Mama alisimama na goti lake bovu, akapaza sauti kwamba Cortez wake kamaliza shule, Cortez wake kamaliza. Ukumbi mzima ukapiga makofi ukidhani Cortez ni jina langu la nyumbani. Mpiga tarumbeta akanipa mkono na kunipongeza kwa jina lako.

Baadaye, tukila keki, nikamtania Mama kwamba kaninyang'anya siku yangu. Akasema mimi nilikwisha kushangiliwa siku nyingi, lakini shangwe yako aliibana kifuani miaka yote hii, na ilikuwa inamuumiza.

Kiapo nimekivunja na radhi siombi. Mama anasema Pasaka hii uje, maana Jumamosi alikuitia hewani tu, na sasa anataka akuite ukiwa unasikia.

Mbusu wifi kwa niaba yetu. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Vernita