Kwa Mama, Uliyefungua Baa Ukakataa Kuuza

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuachia funguo za baa na kimya ambacho wateja wako bado hawajakizoea.

Hajatokea mwenye baa mbishi kama wewe. Mwanamke mwenye mimba, au anayetafuta mtoto, kwako hakupata hata ya kuonja. "Moyo wa mtoto huanza kujengwa mama bado anadhani ni uchovu tu," ulikuwa ukisema, "na pombe haipigi hodi." Seremala mwenye kitambi akauliza mbona yeye humnyimi. "Hicho nakijua," ukamjibu. "Nimekilea mwenyewe, chupa kwa chupa."

Mkwe wako alipoagiza bia, ukamwekea juisi.

"Mama, sina mimba."

"Huna, au hujajua?"

Akanuna. Mwanao naye akanuna. Baba akajifanya anafuta meza iliyokuwa safi.

Majuma machache baadaye mkwe wako akaingia kwa mlango wa jikoni, analia. Mimba ilikuwepo, na kabla hajaijua alikuwa amekunywa kwenye sherehe ya kazini. Sote tulingoja useme "nilikuambia." Hukusema. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu," ukamwambia. "Kuanzia leo, hata tone. Na huo moyo tutaupeleka ukapimwe."

Siku ya kipimo ulifunga baa, wewe ambaye hukuifunga hata siku ya harusi yako. Ulimsumbua mpimaji mpaka akahesabu tena vyumba vya moyo. Vinne, vyote sawa. "Vyumba vinne," ukasema, "na sisi tumebanana kwenye viwili." Mpimaji alicheka, lakini akaonya kwamba kasoro nyingine huonekana mtoto akishazaliwa. Ukaanza kuhesabu siku. Hukuifikia siku yenyewe.

Alizaliwa mwezi uliofuata mazishi yako. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, sisi tumeshikana mikono, kisha akasema moyo ni mzima. Siku waliyoruhusiwa, mkwe wako hakupita nyumbani. Alimbeba mtoto moja kwa moja hadi kaburini, akuambie wewe kabla ya mama yake mzazi.

Unakumbukwa na mumeo, mwanao, mkwe wako, seremala anayesisitiza kuwa ni ndugu, na mjukuu wako, ambaye ameshavunja glasi nyingi kuliko walevi wako wote.

Maadamu moyo wake unapiga, Mama, hatutakusahau.