Kinga Yake Iko Chini

Jumanne, 4 Juni

Nimempeleka Kitinda kliniki. Figo yangu — jamani, figo yake, nimeshampa! — inachapa kazi. Tangu tupasuliwe, mdogo wangu huyu kila akitoka chooni ananitangazia kama mtoto kwamba kakojoa. Nesi kasoma vipimo, katabasamu, kasema kinga yake iko chini. Mtu kinga iko chini, wewe unatabasamu? Sikuuliza. Nilikuwa nachelewa zamu getini.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumba nzima mafua. Wifi, mkewe Kitinda, anakohoa, watoto wanakohoa. Roho ikaniruka kwa ajili ya Kitinda. Duka la dawa za asili karibu na kazini wana sirapu, chupa imeandikwa kwa herufi kubwa: HUONGEZA KINGA. Ndiyo hasa! Nimemnywesha mwenyewe, kijiko kikubwa, uso kaukunja. Akauliza kama daktari anajua. Nikamuuliza aliyempa figo ni nani, mimi au daktari? Akanywa. Nikamtania: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tukacheka sana. Nitampa kila siku.

Jumapili, 16 Juni

Kitinda kalazwa. Miguu imevimba, homa, mkojo kidogo tu na mweusi kama chai ya rangi. Nikamfokea wifi kwenye korido, mbele za watu. Nikasema kasahau kumpa mumewe vidonge. Katoa kisanduku cha vidonge mkobani, kanionyesha vijumba vya siku zilizopita, vyote vitupu. Nikasema labda kavimwaga. Mdomo uliponza kichwa, na changu hakijifunzi.

Jumatatu, 17 Juni

Daktari katueleza taratibu. Mwili una askari wake. Figo yangu kwao ni mgeni tu, hawana habari kwamba tumetoka tumbo moja. Vile vidonge ni vya kuwalaza. Kinga inatakiwa ikae chini. CHINI! Ndiyo maana nesi alitabasamu. Sasa askari wameamka, wanaishambulia. Na mimi ni mlinzi wa geti, niliyewahi kumzuia bosi mwenyewe kwa kukosa kitambulisho — hilo nisilielewe?

Daktari akamuuliza Kitinda kama ametumia dawa nyingine yoyote, miti shamba, sirapu, kitu cha kuongeza kinga. Ni muhimu wajue, alisema, ndipo watajua namna ya kuiokoa figo. Kitinda akanitazama.

"Hapana, daktari."

Kadanganya kwa ajili yangu. Nami nikanyamaza! Wifi alikuwa pale pale ananyoosha shuka. Naona aibu hata kuandika.

Jumanne, 18 Juni

Naandika kwenye benchi, nje ya wodi. Sikupata usingizi. Chupa nimekuja nayo mkobani, imebaki robo. Wifi, aliyekesha naye humo ndani, kanitumia ujumbe: tangu jana hajakojoa.

Mlinzi wa mlangoni ni mwanamke kama mimi, buti kazipiga rangi kama zangu. Kasema saa ya wageni bado. Nikamwambia mimi ni dada yake, na figo iliyo humo ndani ni yangu. Kasema kila mtu huja na lake, yeye hanijui. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Kapekua mkoba, kaitoa chupa, kaisoma polepole. Kauliza ni ya nani.

"Ni yangu. Nilimnywesha mimi. Tafadhali mpelekee daktari."

Kaniangalia. Kaingia nayo, kafunga mlango.

Najuta. Najuta kijiko, najuta ule mzaha, najuta zaidi jana. Mtu unatoa figo kwa mkono mmoja, unaiua kwa mwingine, halafu unamsingizia mke wa watu. Nitamwambia nini wifi? Nitaanzia wapi?

Mlango unafunguka. Si mlinzi. Ni wifi, na chupa ameishika yeye.