Kopo la Visahani Ulilompa Yohana

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba yako siisubiri. Hata ulipokuwa hai uliniitikia huku umeinamia visahani vyako vya kioo, wala hunitazami usoni.

Arobaini yako imekwisha kupita. Mkaza mjomba hajambo, ameanza kula vizuri, na paa la jikoni tumeliezeka upya. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa niruhusu nikuulize lililonikaa kooni tangu siku ile. Mbona ulimpa Yohana?

Ulikuwa umelala, pumzi zinakukatika, na aliyekushika mkono ni mimi, mtoto wa dada yako. Nikainama nisikie wosia. Ukasema, "Lile kopo la biskuti, mpelekee Yohana." Kopo lenye visahani kumi na viwili ulivyovichagua kwa miaka yote ya kazi yako. Ati Yohana, Mshambaa wa Mlalo, ambaye baba yake aliteremka huku kukata mkonge, na ambaye siku ya kwanza alipoingia maabara yetu ya Pongwe alishika kioo kama anashika jembe. Wallahi liliniuma.

Nakumbuka ulivyokuwa ukichagua. Daktari, mkubwa wetu pale maabara, akiletewa kasha la visahani, wewe unakaa dirishani na gazeti la zamani. Unaweka kisahani juu ya maandishi, unakisogeza polepole. Herufi zikicheza, kitako chake hakiko sawa, unakitupa kando. Kitako kikiwa kinene, lenzi ya ile darubini inayotazama kutoka chini haizifikii zile chembe hai za moyo wa kifaranga tunazozikuza humo, mtu anaona ukungu mtupu. Kikiwa chembamba mno, kinapasuka kwenye kuchemshwa. Mwisho unatia maji ya mvua. Yakitandaa, kisahani ni safi. Yakijikusanya matone, kina mafuta, na chembe hazitashika hapo, zitakufa. Kasha zima ulibakisha vitatu, vinne. Daktari alikutania kwamba wewe ni mgumu kuliko baba wa bi harusi.

Hayo yote niliyajua, Mjomba. Nilisimama hapo hapo nikiyatazama miaka sita. Lakini kila nikinyoosha mkono ulinisukuma kwa kiwiko: "Wewe unanukia mno. Nenda kalete mayai." Watu wanacheka. Yohana naye anacheka, halafu unampisha kwenye kiti chako.

Wivu ulinila, nasema wazi. Alipokuja kula kwetu nilitazama hata ukubwa wa kipande cha mkate wa kumimina ulichomkatia. Mimi uliniita mpwa wangu. Yeye ulimwita mwanangu.

Basi kopo sikulipeleka. Nililiweka chini ya kitanda chako. Na baada ya hitima, watu walipotawanyika, nililifungua nikavipanga visahani mkekani, nikavifunika kimoja kimoja juu ya chetezo, kama mkaza mjomba anavyofukiza mitungi ya maji. Ubani ule ule tuliokufukizia wewe. Nilijiambia navipa heshima, vikuage. Lakini kweli yenyewe ni kwamba nilitaka vishike harufu ya nyumba yetu kabla havijaenda kwa mtu baki.

Baada ya arobaini ndipo nikampelekea. Wiki ile chembe zikafa. Wiki ya pili zikafa tena. Ya tatu, Daktari alitazama kwenye darubini, akanyanyuka, akasema Yohana hana mkono wako, na mwezi ukiisha atamwachisha kazi, arudi kwenye mkonge. Unajua mimi nilifanya nini? Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikipiga mluzi.

Kesho yake nilipookota kisahani kimoja nikioshe, nikakinusa. Ubani. Nikatia maji, yakajikusanya matone. Nikakirudisha pale pale, nikanyamaza. Siku nne nilinyamaza, Mjomba, na siku zote nne nilikuwa nakiangalia kile kiti cha dirishani.

Ijumaa nilimkuta Yohana anavichemsha tena, mikono imemwiva kwa mvuke. Nikamwuliza, mnafiki mimi, "Kwani vina nini?" Hakugeuka. Alisema taratibu tu, "Tangu wiki ya kwanza vina harufu ya matanga ya Mzee. Daktari ningemwambiaje?"

Alijua siku zote hizo. Alikuwa radhi arudi kukata mkonge kama baba yake kuliko kwenda kusema kwamba matanga yako ndiyo yaliyoua chembe. Nilikaa kwenye sakafu ya simenti.

Nikiwa pale sakafuni nilijinusa. Mafuta ya nywele. Marashi kwenye kola. Udi kwenye kanzu, maana ilikuwa Ijumaa. Wewe unanukia mno. Miaka sita uliniambia, nami nikadhani unanichekesha watu. Hukunificha kitu, Mjomba. Ulinipa sababu kila asubuhi, nami kila asubuhi nikaondoka nimenuna.

Jumatatu niliingia kwa Daktari, nikasema mwenyewe. Alinifokea sana, na ni haki yake. Yohana amebaki. Mimi nimetolewa ndani, sasa nasimamia banda la kuku na mayai ya kuatamiwa. Visahani tulivisugua pamoja kwa spiriti, tukavichemsha kwa maji ya mvua mpaka yakatandaa. Vinne vilikataa. Vinane vimepona, vimo koponi mwako.

Jana Yohana aliniita nitazame. Nilivua koti, nikanawa mpaka viwikoni, nikabana pumzi ndipo nikainama. Kijipande cha moyo, kidogo kuliko punje ya mtama, kimeshika juu ya kioo chako. Kinapiga, kinatulia, kinapiga. Machozi yalinitoka, nikajivuta nyuma haraka yasije yakaanguka karibu.

Halafu Yohana akakaa kwenye kiti chako, akakunjua gazeti lako, na wivu ukarudi. Sikudanganyi, bado ninao. Nilimtazama anavyosogeza kisahani juu ya herufi, na ni wewe mtupu, mpaka kile kiwiko. Lakini safari hii nilikwenda kuleta mayai bila kuambiwa.

Pumzika, Mjomba. Mungu akulaze panapo nafasi, na akunyooshee njia kama ulivyopenda vitu vinyooke. Ijumaa, nikitoka msikitini, nitampitia Yohana tuje tupalilie kaburi lako, na kila Ijumaa nikijaliwa uzima. Wenzangu wote wa msikitini watakuwa wamejifukiza udi. Mimi nitakuja nimeoga maji ya mvua tu.

Mpwa wako,
Athumani