Vifuniko vya Masanduku ya Kura

S.L.P. 96,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na huyo mkweo, bado anakupikia bila chumvi kwa amri ya daktari? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, ila mdomo wake mzima kabisa. Cherehani uliyoniachia bado inakimbia, pedali tu ndiyo inalia.

Shangazi, nina hasira. Nimefua mapazia, nimepiga deki hadi uani, na bado haijanitoka. Nakuandikia wewe kwa sababu ni wewe uliyelishawishi tawi la chama linichague nishike nafasi yako ya ujumbe wa mkutano mkuu.

Safari hii mkutano mkuu wa kumteua mgombea urais ulifanyika hapa kwetu. Wiki mbili kabla, katibu wa tawi alikuja na jora la kitambaa cha kijani, akaniagiza nishone vifuniko vya masanduku mawili ya kura. Akanipa vipimo vya juu na vya pande nne. Tundu hakulitaja. Nikajisemea, wanaume hawa hawakosi kusahau kitu. Nikakata tundu juu ya kila kifuniko, nikalizungushia pindo kwa mkono ili karatasi zisikwame. Kumbe hakusahau.

Yule waziri wa zamani, aliyetaka kushindana na rais, alikwenda kuchukua fomu akaambiwa zimekwisha. Ilichapishwa moja tu. Katibu alitusimulia hayo huku anacheka, kana kwamba ni ujanja wa kusifiwa.

Siku yenyewe nilivaa gauni lako la bluu. Masanduku yalikuwa mbele, juu ya meza, yamevaa vifuniko vyangu, na juu ya kila tundu wameweka chombo cha maua ya plastiki. Nilikaa nayatazama maua yale saa mbili nzima. Kisha mwenyekiti wa mkutano akasimama akasema rais wetu ametosha, tusipoteze muda, anayekubali apige makofi.

Ukumbi ukalipuka. Mimi nikaweka mikono mapajani. Katiba ya chama inasema kura ya siri, uliniwekea mstari wa wino mwekundu hapo mwenyewe. Sasa sikia. Kaka, ambaye ni mwenyekiti wa tawi na alikaa kushoto kwangu, aliona kamera inakuja upande wetu. Akanishika viganja vyote viwili akavigonganisha. Mara tatu, kama anamchezesha mtoto mchanga. Mikono inayonilisha, Shangazi, na aliyeishika ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nilitamani ardhi inimeze.

Ulikuwa ukitusimulia mwaka ule rais aliyekuwa madarakani alipoingia ukumbini anapunga mkono akatoka bila tiketi ya kugombea, kwa sababu kura zilimwagwa mezani zikahesabiwa mbele yenu. Wewe ulimpigia yeye. Ulilia njia nzima, na bado ulirudi umenyoosha shingo. Siku hizi wameshajifunza kwamba rais hawezi kushindwa pasipo kuhesabiwa kitu.

Jumatano katibu alileta muhtasari wa mkutano. Umeandikwa kwamba wajumbe wote walimpitisha kwa kauli moja, na kila mmoja atie saini. Nisipotia, nafasi anapewa mwingine. Kaka alisimama mlangoni, hakuniangalia usoni.

“Kwani wewe humtaki rais?” katibu akaniuliza.

“Namtaka,” nikamwambia. “Ndiyo maana nilikuja kumpigia kura.”

Akaniona nimerukwa na akili. Lakini ndiyo kweli yenyewe. Barabara yetu aliijenga, zahanati aliifungua, ningempa kura yangu kwa moyo mweupe. Hawakuwa na haja ya kuninyang'anya kitu nilichokuwa nakwenda kuwapa.

Mbele ya jina langu niliandika, “Nilishikwa mikono.” Nikatia saini chini yake. Katibu aliondoka bila kuaga, na jana nimesikia nafasi yako imekwenda kwa shemeji yake. Nisamehe, Shangazi. Sikuweza kuitunza nafasi na kujitunza mimi pamoja.

Kaka alirudi jioni ile akakaa na chai yake hadi ikapoa. Nikaimwaga, nikaosha kikombe. Mwandikie wewe, ulimbeba mgongoni, pengine atakusikia.

Mama anakusalimu sana. Fundi viatu wa jirani anauliza kama vile viatu vyeusi bado vinakubana. Msalimie binti yako na mkweo, na uwabusu wajukuu. Mungu akulinde, na goti lako likufikishe unakotaka kwenda.

Katibu amevirudisha vifuniko nizibe matundu, eti vitafaa mkutano ujao. Kimoja sikukiziba, nimekifunga ndani ya kifurushi hiki. Kitandike juu ya meza yako, na usiweke kitu juu yake.

Wako akupendaye daima,
Sindano, binti wa kaka yako.