Sahani ya Mama Bahati

Jumatatu, 3 Novemba

Chumvi imelowa tena. Mifuko miwili. Mvua inaingia pale pale juu ya mulango, nimepiga misumari mara tatu na mabati inanicheka tu. Nimeuzisha sabuni, biberiti, mafuta kidogo. Gari ya Butembo haikufika. Wanasema barabara ya upande wa Kashuga imefungwa, masasi ya bunduki tangu jana. Hapa Kalembe bado kimya.

Kavira hakuenda ku shule. Anasema tumbo inauma. Miaka kumi na mbili, na tumbo inamuuma siku ya mutihani wa hesabu! Nilimuuliza kama anafikiri nimezaliwa jana. Alilala tu ameelekea mbao za ukuta.

Mama Bahati, jirani yetu, alileta bugali na sombe, majani ya muhogo, kama kila siku. Tangu tumuzike mama ya Kavira, miaka miwili sasa, yeye njo anatupikia. Mimi namupatia chumvi na sabuni, yeye anapika vyungu viwili, kimoja cha watoto wake, kimoja chetu. Kavira hakugusa. Nilikula peke yangu, na kwa hasira.

Jumanne, 4 Novemba

Tena hakula. Uso umekonda. Ananikwepa mu nyumba ya vyumba viwili, sijui anawezaje. Mara tatu ameenda kuoga leo, na baridi hii ya Masisi. Asubuhi mapema alifua sketi yake mwenyewe na kuianika nyuma ya nyumba, chini ya kikwembe cha zamani, kama muntu anaficha kitu cha wizi. Mutoto ambaye nagombana naye kila Jumamosi juu ya soksi!

Niliona. Sikuuliza.

Mama Bahati alikuja ku butike, duka yangu. Alingoja wateja watoke wote. Alisema: "Papa Kavira, tuma neno kwa watu wa kwenu. Huyu mutoto anahitaji mwanamuke wa ukoo wake." Hakuniangalia ku macho. Akaenda.

Kwetu wakikuambia ita watu wa ukoo, mugonjwa hana tena siku. Juu ya nini hakusema wazi? Anajua nini yeye ambacho mimi sijui? Neno hiyo imenikaa mu kifua mpaka sasa.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeona damu.

Ku mukeka wa Kavira, wakati alikuwa nje anaoga. Si nyingi. Nikarudisha shuka vile ilikuwa.

Karuho. Neno ilikuja yenyewe. Kila muntu hapa anaijua hiyo sumu. Haiui siku moja. Wanaitia mu chakula, inakula matumbo polepole, muntu anakonda, anakataa kula, anakwisha. Na ni nani anamupikia mutoto wangu? Muntu mumoja tu.

Mama muuzishaji wa mawese alikuja kununua biberiti. Akaniuliza juu ya nini uso wangu iko vile. Ningesema nimelala vibaya. Nilimwambia yote, na jina nikataja.

Alhamisi, 6 Novemba

Kijiji kizima kinajua. Mama wa mawese hana kosa, kosa ni mudomo yangu.

Mama Bahati alileta chungu saa ya kawaida. Nilimurudishia na kifuniko chake, sikufungua. Wateja wawili walikuwa pale. Alibaki amesimama na chungu mu mikono. Kisha akarudi kwake, hakusema kitu. Nilijiambia: umeona, mwenye haki angelalamika.

Kavira alisikia. Aliniuliza: "Papa, Mama Bahati ananiua?" Nilijibu asikule tena kitu chake. Njo jibu nililompatia mutoto wangu. Alilia mpaka akalala.

Niliita muganga, muntu wa dawa, akashuka kutoka kilima na majani yake ya kutapisha karuho. Maji yake ya kijani, machungu sana. Kavira alikunywa kikombe kizima, akatapika mchana wote. Hakutoka kitu, maji tu. Muntu wa dawa anasema sumu imeshika sana, kesho kikombe kingine. Namuchukia Mama Bahati. Naandika wazi.

Ijumaa, 7 Novemba

Masasi yamesikika karibu. Watu wamefunga mizigo na kuifungua tena.

Vijana walipiga nyumba ya Mama Bahati mawe. Nyumba ya mbao, kila jiwe inalia kama ngoma. Watoto wake watatu walikuwa ndani. Walitoka mimi nikiwa mbele ya butike, na mudogo alikuwa amejikojolea. Nilijifanya napanga sabuni.

Shefu wa kijiji alinipitia. Anasema Jumapili, ibada ikiisha, watu wote wakutane ku kiwanja. Nikishitaki rasmi, Mama Bahati atatolewa Kalembe siku hiyo hiyo. Atoke aende wapi? Njia pekee ya kutoka hapa ni ya Kashuga, ile ya masasi. Na watoto watatu. Nilijua hiyo vizuri. Nilijibu ndiyo, nashitaki.

Kavira amekunywa kikombe cha pili. Hawezi tena kusimama sawasawa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepanda kilima kutafuta rezo ya simu. Saa nzima ndani ya matope. Nilitaka kumupigia Kahindo, dada yangu wa Butembo, atafute dawa ya nguvu huko na kunitumia njia ikifunguka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Hiyo damu inatokea wapi? Ku mudomo?" Nilisema hapana. "Ku pua?" Hapana. Akaniita na jina yangu: "Kambale. Mutoto iko na miaka ngapi?"

Hakupandisha sauti. Afazali angenitukana. Alisema yeye njo shangazi, hiyo kazi ni yake, alipanga kuja ku likizo kumwambia Kavira kabla haijafika. Imefika mbele yake. "Umwambie wewe." Nilimuuliza: mimi, baba? "Uko na mwingine huko?" Na rezo ikakatika.

Nilikaa chini pale pale, mu majani yenye maji.

Niandike kweli, hii kaye ninayoandika haisomi muntu. Niliishi na muke miaka kumi na ine. Nauzisha koteksi mu butike, vile vitambaa vya wanawake, navifunga mu karatasi na kuvitia ndani ya sashe nyeusi bila kumuangalia mununuzi. Najua vizuri damu ya mwanamuke ni nini. Jumatano, mbele ya ule mukeka, nilijua. Ilinipita mu kichwa na nikaifukuza. Baba hasemi hayo na binti yake, njo nilivyolelewa. Karuho ilikuwa na muntu wa kulaumu. Ilikuwa rahisi kwangu kumuharibu jirani kuliko kumuuliza mutoto wangu swali moja.

Na nilimunywesha sumu ya kweli, vikombe viwili.

Nilishuka mbio. Nilianguka mara mbili. Kavira alikuwa amekaa ku kitanda, magoti ku kidevu. Nilikaa chini, mugongo ku mulango, ili nisimuangalie na yeye asiniangalie. Nilianza vibaya. Nilisema juu ya kuku na mayai. Nikaacha kuku. Nikasema: hiyo damu, haiko ugonjwa. Haiko karuho. Mama yako alikuwa nayo, shangazi yako, mwalimu wako, kila mwanamuke unayemuona ku soko. Inakuja kila mwezi, siku tatu, ine, tano, inaenda. Mwanzoni inaweza kuruka mwezi, usishituke. Tumbo inaumaka, mugongo pia. Matiti yanaota, nywele zinaota pahali hazikuwa, uso unatoa vipele, unaweza kulia bila sababu. Ni mwili unakomaa. Haiko zambi na hakuna kitu kibaya ulifanya.

Masikio yalinichoma moto. Nilisukuma pakiti ya koteksi mu sakafu mpaka ku kitanda. Nikamueleza namna ya kuvaa, na kubadilisha mara ine kwa siku, na kunawa mikono. Hiyo nilisoma ku pakiti, sitadanganya.

Akauliza: "Sitakufa?"

Hapana. Hautakufa.

Alilia tena, lakini si kama Alhamisi. Alisema alifikiri ameoza ndani. Siku tano mutoto wangu alifikiri ameoza ndani, na mimi niko upande wa pili wa mbao nahesabu biberiti.

Nilimwambia juu ya mukutano wa kesho, kwani alikuwa hajui. Nikisema kweli mbele ya watu, siri yake itakuwa mu mudomo ya kila kijana, mpaka ku njia ya shule. Nisiposema, Mama Bahati anafukuzwa. Nilimuuliza nifanye nini. Ee, nilimuuliza, mimi mukubwa. Alifikiri sana. "Usiseme, Papa. Tafazali." Nikaahidi. Sijui kesho nitasema nini.

Jumapili, 9 Novemba

Kiwanja kilijaa. Mama Bahati alisimama katikati na watoto wake, mudogo ku mugongo. Alikuwa amevaa kikwembe cha kanisa.

Nilisimama nikasema nilidanganya. Mutoto wangu hana karuho. Mama Bahati hana kosa, mimi njo muntu mubaya hapa, shefu anikate faini ya mbuzi ao chochote. Nilifikiri itatosha. Haikutosha. Kijana mumoja alisema nimetishwa. Mwingine akasema Mama Bahati amenipa karuho na mimi. Muntu wa dawa alisema aliona sumu na macho yake. Uongo mutupu, lakini ni mimi nilimuleta. Shefu akauliza: kama haiko karuho, Kavira iko na ugonjwa gani? Siku sita hatoki nje, watu walisikia anatapika.

Watu wote waliniangalia. Neno ilikuwa ku ulimi. Nilimuona Kavira pembeni ya watoto wa shule, amejifunika kitenge cha mama yake mpaka ku shingo. Nikafunga mudomo. Nyuma, vijana walikuwa wameanza kutoa vitu vya Mama Bahati nje. Godoro. Masufuria. Sikuwa na nguvu ya kuwazuia.

Kavira alipita mbele yangu. Hakunigusa hata. Alipita katikati ya watu, akaingia mu jiko ya Mama Bahati, akatoka na sahani. Bugali ya baridi ya asubuhi, na maharagi. Alikaa chini mbele ya viatu vya shefu na akaanza kula.

Alikula kama muntu mwenye njaa ya siku sita, na njo alivyokuwa. Mudogo wa Mama Bahati akaanza kudai chakula chake ku mugongo. Kavira akamukatia kipande, akamunyooshea. Wakakula wote wawili.

Mama wa mawese alimuangalia sana. Kile kitenge, namna alivyokaa kwa uangalifu na magoti pamoja. Kisha akaniangalia mimi. Niliona imemufikia. Akamunongonezea mwenzake, na yule mwenzake akashika mudomo, na ikaenda vile vile mama kwa mama, bila neno ya wazi, mpaka bibi mumoja muzee akasema kwa sauti: "Rudisheni godoro ya watu. Hii haikuwa kazi ya wanaume." Shefu hakuelewa. Wanaume wote hawakuelewa. Lakini wamama walikuwa wameanza kubeba masufuria kurudisha ndani, na kijana gani atamunyanganya mama yake sufuria?

Mama Bahati alikaa chini pale alipokuwa. Njo nilimuona analia, mara ya kwanza wiki hii. Nilitaka kwenda. Sikuenda.

Jumanne, 11 Novemba

Nilienda kwake asubuhi. Nilipiga magoti mbele ya watoto wake. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumuuliza.

Alisema Jumanne ile alijua tangu alipoona sketi ku kamba. Alitaka kumwambia Kavira. Aliogopa nitasema amejitia mama ya mutoto, amevuka ukoo. Juu ya hiyo alisema nitume watu wa kwetu. Kama angesema wazi ku butike, ningemusikiliza? Ningemufukuza. Najijua.

Nilipika mwenyewe. Bugali ilikuwa na mabonge. Kavira alikula nusu kwa heshima.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua. Wateja wachache. Masasi yamehamia mbali kidogo, lakini gari bado. Shefu amenikata mbuzi wawili, mumoja wa kwake, mumoja wa kumulipa Mama Bahati. Sawa.

Mama Bahati alimuita Kavira kwake mchana. Walikaa saa mbili. Nilisikia wanacheka, sikusikia maneno, na sikujaribu. Kwangu hapiti bado. Akitaka kununua chumvi anatuma mutoto.

Saa ya kukula Kavira alikuwa anachambua maharagi na vidole. Aliniuliza, bila hasira, kama muntu anauliza bei ya kitu: "Papa, juu ya nini haukuniuliza mimi kwanza?"

Nilisema sijui. Akaniangalia. Nikasema nilikuogopa. Alifikiri ninacheka, kisha akaona sicheki. Akasogeza sahani yake karibu na yangu, tukamaliza kukula.