Dungu la Pili

Lumemo,
S.L.P. 417,
Ifakara.
30 Oktoba, 1999.

Kaka mpendwa Fridolin,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na umevaa soksi mbili mbili kama ulivyotusimulia mwaka jana. Baridi imeshaanza huko Leipzig? Na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimetulia? Ukijibu usiandike "sijambo" peke yake, maana Baba huvaa miwani na kuanza kutafuta mambo yaliyofichwa nyuma ya hiyo sijambo.

Sisi huku hatujambo. Goti la Baba linamuuma akipiga magoti kanisani, lakini akienda kilabuni halimuumi hata kidogo, nasi tumeacha kuuliza. Shangazi Yosefina amepata mjukuu wa sita na anadai huyu naye amefanana na yeye. Mpunga wa Idete mwaka huu ulitupa magunia mengi kuliko tulivyotegemea. Mvua bado, na vumbi la Ifakara unalijua mwenyewe.

Kaka, barua hii ina ombi moja. Nataka saa moja ya Jumamosi yako, tarehe 27 Novemba. Usiseme una mitihani kabla hujasoma mpaka mwisho.

Unajua tangu mwaka juzi napiga chapa kwenye ofisi ya mradi wa mbegu. Sasa tuna kompyuta tatu, na mwezi wa tatu Polikarpo, fundi wetu wa mitambo, aliiunga moja na waya wa simu. Wengine wanaitumia kupokea barua pepe, basi. Mimi Polikarpo alinionyesha kitu kingine, akafikiri nitacheka niondoke. Sikuondoka. Bosi ameniruhusu saa moja kila Jumamosi baada ya kazi, na hiyo saa siigawi na mtu.

Kuna dunia iliyojengwa kwa maneno matupu. Haina picha hata moja. Ukiingia, kompyuta inakuandikia mahali uliposimama na unachokiona. Ukiandika unataka kwenda kaskazini, inakupeleka, inakuandikia na huko. Mkikutana na mtu mnaongea kwa kuandikiana papo hapo, na huyo mtu yuko Kanada au Norwei kweli, ameketi kwake. Na mtu yeyote akionyesha anajua kuandika, anapewa kiwanja ajenge. Wengine wamejenga mahekalu, wengine meli za kwenda kwenye nyota. Mimi nimejenga shamba la mpunga.

Najua unacheka. Cheka, lakini mcheza kwao hutunzwa, na hakuna mwingine kule anayeujua mpunga.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa salamu. Kule kila mtu amejipa jina. Mmoja anaitwa Mbweha, mwingine Kijiko, mwingine Jiwe. Sura huzioni, umri hujui, ukoo ndio usiseme. Sasa mtu anayeitwa Kijiko nimwamkie shikamoo au mambo? Nikaona heri wote niwape shikamoo, heshima si utumwa. Ikawa kila niingiapo wananijibu marahaba, hata wasiojua maana yake, na huenda nusu yao ni watoto wa shule. Lakini ndivyo walivyonijua, na Mbweha, ambaye ni mmoja wa wazee wa baraza la ile dunia, ndiye aliyenipa kiwanja cha majaribio mwezi wa saba.

Nilianza na dungu. Kiingereza changu ni kile kile cha kidato cha nne, lakini neno dungu sikulitafsiri. Niliandika nguzo nne za miti, sakafu ya fito, paa la nyasi, na ngazi ambayo kipande chake cha tatu kimelegea. Unalikumbuka lile letu la Idete, la upande wa Mama. Niliandika kombeo linaloning'inia na madonge ya udongo yaliyokaushwa, na kamba yenye makopo inayokwenda mpaka katikati ya shamba, ya kuamia ndege wasile mpunga. Mgeni akitaka kujua dungu ni nini, apande akae. Halafu nikaandika kwelea. Hao niliwaandika Jumamosi tatu mfululizo, jinsi wanavyokuja kama moshi, wanavyogeuka wote pamoja, wanavyotua mpaka masuke yanainama. Nikaupa mpunga dakika arobaini uive, maana nani kule atakaa miezi? Ukilindwa unaiva. Usipolindwa, wanaula.

Basi mwezi wa tisa wazee wa baraza wakaja kukagua, watatu, Kijiko akiwa mmoja wao. Nilikuwa nimevaa gauni langu la bluu, ingawa hawanioni. Wakapanda ngazi, kipande cha tatu kikawatikisa, wakafurahi. Kwelea wakaja. Wale wageni wakaanza kusifu! Kijiko akasema hajawahi kusoma ndege wazuri namna ile. Mwingine akaomba waongezwe. Kombeo linaning'inia pale, hakuna aliyeligusa. Dakika ya kumi na moja mpunga ukaisha, shamba likabaki makapi, wakasema asante, wakashuka.

Wiki iliyofuata nikapata barua yao. Mahali pazuri, lugha nzuri, lakini mgeni hana la kufanya, anatazama tu kisha mahali panakufa. Wakanishauri nipunguze ndege. Wakanipa mpaka tarehe 27 Novemba. Wakija mara hiyo shamba likafa tena, kiwanja kinachukuliwa na kila neno nililoandika linafutwa. Nikipita, kinakuwa changu moja kwa moja, na nitaruhusiwa kufungua vingine.

Nilikasirika kaka, siwezi kukuficha. Kupunguza kwelea! Nani aliwahi kuwapunguza? Tangu lini mtu amemwambia kwelea aje kidogo? Nilirudi nyumbani, nikasonga ugali ukawa mgumu kama ule wa askari, mpaka Baba akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, kompyuta, wageni, ndege. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, amefumba macho. Kisha akauliza, "Dungu la pili alikaa nani?"

Nikamwambia dungu la pili halipo, nimejenga moja.

"Basi hawana kosa," akasema. "Mtu mmoja haamii ndege. Mtu mmoja anatazama ndege."

Akaomba maji ya kunawa, na mazungumzo yakaishia hapo. Mzee hajawahi kuigusa kompyuta hata kwa kidole, na mimi nilikuwa nimepiga chapa miezi miwili bila kuliona hilo. Kumbe ndivyo tulivyofanya siku zote. Usingizi wa dungu unakuja saa tano jua likikaza, na kinachokuamsha si ndege, ni mwenzako wa dungu la ng'ambo anapoita. Anaita, unaitika, unapiga kelele, unatupa donge. Usipoitika anajua umelala na ndege wanakuja kwako.

Nikajenga dungu la pili, kule mwisho wa shamba karibu na matete, mahali palipokuwa pako. Nikapanga kwamba aliyeketi pale anaitwa kila baada ya muda, kwa jina lake aliloingia nalo. Akiitika, ndege wanaruka. Asipoitika, wanatua. Nikakaa kuandika mwito wenyewe uwe vipi, na sikuwaza sana, vidole vilikwenda vyenyewe: "Fridolini weee! Hao ndege umewaalika wewe?"

Nikausoma kwenye skrini nikaacha kupiga chapa. Polikarpo akafikiri simu imekatika.

Ndiyo, kaka. Ni Mama. Nimeweka sauti yake kule, na sijaiondoa. Jiwe akiketi, inamwita Jiwe. Kijiko akiketi, inamwita Kijiko, na inamuuliza kama ndege amewaalika yeye. Watu wanaupenda ule mwito kuliko kitu kingine chochote nilichojenga. Wengine wanaitika "nipo", wengine "sijawaalika, wamekuja wenyewe", halafu wanatupa madonge kwa hasira kabisa. Jumamosi iliyopita shamba karibu liive. Niliyekuwa naye ni Jiwe, mtu wa Kanada. Dakika ya thelathini na tano akaniambia anakwenda kuweka kahawa jikoni. Aliporudi tulikuwa na makapi. Akaniomba radhi sana, lakini kwelea hapokei radhi.

Kwa hiyo nimeona wazi ninachohitaji. Siku ya ukaguzi wazee wa baraza wanatembea shambani, hawaruhusiwi kusaidia, kwa hiyo Mbweha na Kijiko hawawezi kuketi. Polikarpo angeketi, lakini waya wa simu ni mmoja na kompyuta inayoingia ni moja. Mimi nitakuwa kwenye dungu la Mama. Nahitaji mtu wa dungu la pili anayejua kwamba dakika arobaini ni dakika arobaini, na kwamba ndege haombwi. Wewe chuoni kwenu mna chumba kizima cha kompyuta, uliniambia mwenyewe. Na katika miaka yote ile hukulala dunguni hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nalala, miguuni kwa Mama.

Itakuwa saa tisa alasiri kwetu, saa saba mchana kwenu. Anwani ya kuingilia na maneno ya kufungulia nimeyaandika kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha. Ukishaingia, andika "shamba", utafika. Andika "panda", shika ngazi vizuri. Ukiitwa, andika "itika" halafu jibu lako. Na usijipe jina la kuchekesha. Ingia kwa jina lako.

Sasa nikuambie lililobaki, nililitafutia mahali pa kuliweka sikupata, basi nalisema. Tangu Mama atutoke umetuandikia barua saba. Umeandika habari za theluji, za profesa, za mkate mweusi. Jina la Mama hujaliandika hata mara moja. Mvua zile za el-nino zilikata reli, simu ikafa, tukamzika Jumatano na habari zikakufikia siku kumi na tisa baadaye. Hukufanya kosa lolote. Baba hakulaumu, mimi sikulaumu, na Mama alipokuwa anaumwa alikuwa anawaambia manesi kwamba mwanawe anasoma mambo ya maji, kwa hiyo mvua ile angejua namna ya kuifunga. Tulicheka wote pale wodini. Nimekuwa nikitaka kukusimulia hilo muda mrefu.

Na kuna kitu sikijui. Mama alipokuita vile kuhusu ndege, wewe ulikuwa unamjibu. Nilikuwa na miaka sita, niko upande wake, na upepo wa mtoni ulikuwa unachukua maneno yako kabla hayajanifikia. Niliona tu Mama akicheka mpaka anaweka kombeo chini na kujifuta macho na khanga. Kila siku jibu, kila siku kicheko. Kicheko nimekiandika, kaka, kiko tayari pale, kinasubiri. Jibu sina. Nimemuuliza Baba, anasema yeye msimu huo alikuwa kwenye samaki. Hakuna mwingine wa kumuuliza duniani.

Nimenakili kila kitu kwenye daftari, ili wakifuta nisibaki mikono mitupu. Lakini daftari halimwiti mtu. Nami siogopi, nakuambia kweli. Mwezi mmoja uliopita niliogopa, sasa siogopi. Shamba liko sawa, mwito uko sawa, ndege wako wengi vile vile kama Mungu alivyowaumba, sikupunguza hata mmoja. Limebaki dungu moja tu halina mtu.

Barua hii anaibeba Mwalimu Gosbert, anakwenda Dar es Salaam kesho kwa treni ataitia posta huko, ili iwahi. Sikutaka kuituma kwa barua pepe ya ofisi. Zote zinachapishwa na kusomwa kwanza, na haya si mambo ya mradi.

Shangazi Yosefina anakusalimu sana, na anauliza kama wasichana wa huko wanajua kupika wali. Hilary wa jirani anasema baiskeli yako bado anaitunza, usimwamini. Na salamu za watu wote wa jumuiya yetu, ambao kila Alhamisi wanakutaja kwenye maombi bila kukosea jina la mji wako.

Mungu akutunze darasani na njiani, na Bikira Maria akufunike kwenye baridi hiyo mpaka tutakapokuona hapa mlangoni.

Mimi dada yako akupendaye siku zote,
Agnella.

Nimelazimika kufungua bahasha tena. Baba aliniomba nimsomee barua, nikamsomea yote, hata pale pa kilabu. Sasa ameniagiza niongeze kwamba tarehe 27 atakuja ofisini na koti lake la kanisani, atakaa kwenye kiti nyuma yangu, na hatasema neno. Anataka tu, Mama akikuita, nimsomee kwa sauti ulichokuwa unamjibu mke wake.

Itika, kaka.